Huyu Si Yeye: kisa cha santuri za benga kule Riat

Niliitwa Riat, kilimani nje ya Kisumu, kwa sababu ya nyaya. Simu yenyewe ilikuwa hivi: mzee aliyestaafu kufundisha chuo huko Marekani amerudi nyumbani, amejenga juu kilimani mahali unapoliona ziwa na ndege zikitua chini yako, na anataka fundi wa kumbadilishia nyaya za spika kwa sababu mtambo wake hauimbi. Nikamuuliza hauimbi vipi. Akasema, "Fundi, unaimba. Lakini haunifurahishi."

Malalamiko ya namna hiyo nayaogopa. Mtu akiniambia amplifaya imetoa moshi, najua pa kuanzia. Akiniambia haimfurahishi, huenda kinachotaka kutengenezwa ni moyo wake, na vipuri vya moyo siuzi.

Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo majirani wanavyomwita, na ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje jina. Mimi kazi yangu ya kila siku ni spika za makanisa na za matanga, zile zinazolia mpaka alfajiri na kurudi kwangu Jumatatu zimechanika. Mtambo kama wa Mwalimu nauona mara moja kwa mwaka, nikibahatika.

Sebuleni nilikuta gramafoni nzito kama jiwe la kusagia, mota yake imekaa pembeni, na mkanda wa mpira unaizungusha sahani. Amplifaya ambayo sikuweza kuinyanyua peke yangu. Spika mbili za kusimama, zinanifika kifuani. Kabatini santuri mia mbili hivi, nyingi zile ndogo za inchi 7 za kasi ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Ni za bendi za benga, muziki wa gitaa wa Waluo: Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Victoria Jazz, na wenzao wa enzi hiyo. Alizinunua hapahapa Kisumu miaka ya 70 akiwa kijana, akaenda nazo Marekani, akarudi nazo. Zimevuka bahari mara mbili na bado zina majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye lebo, kwa sababu zamani ukipeleka santuri kwenye sherehe bila jina huirudishi nyumbani.

Sakafuni nyuma ya kabati palikuwa na transfoma ya kushusha stima. Kila kitu alichokuja nacho ni cha volti 120 na ukuta wetu unatoa 240. Transfoma yenyewe ilikuwa nzuri, ya shaba, kubwa kuliko mzigo wake. Nikapima kwenye tundu: 119. Nikaridhika nayo, nikaipita. Nilikosea kuipita, ila si kwa sababu ilikuwa mbovu.

Waliotangulia

Kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa amewapokea mafundi na washauri wanne kabla yangu, kila mmoja na dawa yake.

Wa kwanza alimwekea stabilaiza. Si upuuzi: stima ya kule juu huyumba jioni watu wanapowasha majiko. Lakini stabilaiza inashika volti, basi. Wa pili alimwambia sindano imelika na santuri zimelika, akamuuzia kartriji mpya, kile kichwa kinachobeba sindano. Mikwaruzo ikapungua. Lalamiko likabaki.

Wa tatu ndiye aliyemuuzia nyaya za spika kwa bei ya mtamba wa maziwa. Hapa nitasimama kidogo, maana nyaya hizi nazikuta kila nyumba yenye pesa. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita tatu kwenda na tatu kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.04. Spika yenyewe ni omu 8. Maana yake waya unajilia sehemu moja kati ya mia mbili ya volti, na zilizobaki zinafika. Ukinunua waya mnene mara tano, utaokoa sehemu ya hiyo sehemu moja. Muuzaji akikuambia shaba yake haina oksijeni, mwambie hongera, kisha mwambie akupimie mita sita za ule mwingine.

Wa nne alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, si fundi wa sauti, na ndiye pekee aliyefanya kazi ya maana. Sebule ya Mwalimu ni vigae sakafuni, kioo upande mzima wa ziwa, dari ya jasi. Ukipiga kofi, kofi linakujibu. Yule bwana alitandika zulia zito, akashusha mapazia mazito mbele ya kioo, akahamishia kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Maneno ya waimbaji yakaanza kusikika moja moja badala ya kuja yote kama umati unaotoka uwanjani. Chumba ni sehemu ya mtambo, na kwa kweli ndicho sehemu kubwa kuliko zote. Watu hawaamini kwa sababu hakiuzwi kwenye sanduku.

Hata hivyo lalamiko halikuondoka. Mimi ndiye niliyekuja wa tano, kuitiwa nyaya zilezile.

Chai

Mwalimu akaweka santuri. Nikasikia sindano ikitua, mkwaruzo kidogo, halafu gitaa. Nikiri tu: mimi nilipenda. Besi ilikuwa nene, gitaa la mbele limetulia, mwimbaji ana sauti ya mtu mzima aliyekaa chini kuzungumza. Nikawaza mzee huyu ana masikio ya kudeka.

Mama, mke wa Mwalimu, akaingia na chai. Akaweka sinia, akasikiliza kidogo huku ameshika birika, akasema, "Hawa watu wamechoka."

"Mama anakumbuka ujana," Mwalimu akaniambia pembeni.

"Sikumbuki ujana, nakumbuka wimbo." Akanigeukia. "Kijana wangu, mimi naimba alto kanisani miaka arobaini. Huyu si yeye. Do yao iko chini." Akaimba mstari ule jinsi alivyoujua, juu kabisa, mahali ambapo koo la benga linakaa, karibu na kilio. Kisha akashuka mpaka ulipokuwa unachezwa pale sebuleni. Tofauti haikuwa ya kudeka. Ilikuwa ngazi nzima na zaidi.

Wanaojua benga wanajua kwa nini hilo ni jambo kubwa. Gitaa la benga linafuata vidole vya mpiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane zinazokimbizana. Mwendo wake ndio muziki wenyewe. Mwimbaji akishuka na gitaa likapunguza mbio kwa pamoja, unapata kitu kitamu ambacho si benga. Mimi nilizaliwa baadaye, nikakipenda. Mama aliucheza akiwa na miguu ya miaka ishirini.

Kama ningekuwa na akili siku hiyo ningesimama hapo hapo. Sauti kushuka ni ugonjwa wa namna yake, na hauambukizwi na kila kitu. Waya mbaya unaweza kupunguza nguvu, hauwezi kumshusha mwimbaji. Spika mbovu inakwaruza, inaziba pua, inapoteza besi, haibadilishi do. Amplifaya iliyochoka inachafua. Chumba kinarudisha mwangwi. Katika mtambo mzima kitu kinachoweza kuhamisha noti ni kile kinachoshika wakati, na kwenye santuri kinachoshika wakati ni sahani inayozunguka. Isitoshe Mwalimu mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba CD zake zinaimba sawasawa kupitia amplifaya ileile na spika zilezile. Mashine ya CD inasoma sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kufuata saa yake ya kioo cha kwatzi. Stima ya ukutani inaipa nguvu tu, haiipi mwendo. Kwa hiyo amplifaya, spika, nyaya na chumba vilikuwa vimeshaachiliwa huru na CD. Alibaki mshitakiwa mmoja.

Nikasema, "Jaduong'," yaani mzee kwa Kiluo, "kasi ya gramafoni umeipima?"

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kisahani cha mistari.

Shahidi wa uongo

Kisahani cha mistari ni karatasi ngumu ya duara yenye mistari myeusi ukingoni. Unakiweka juu ya sahani, unamulika kwa taa inayopepesa kwa mwendo wa stima, na kama kasi ni sawa mistari inaonekana imesimama tuli ingawa inazunguka. Ikitembea mbele, sahani ina haraka; ikirudi nyuma, inachelewa. Ni kipimo kizuri, cha zamani, na hakina betri ya kuisha.

Mwalimu akawasha taa yake ya mezani, ya tyubu yenye choki, iliyokuja naye kutoka Marekani na iliyochomekwa kwenye transfoma ileile. Akazima taa nyingine. Akaweka gramafoni kwenye 45. Tukainama wote wawili. Mistari ilisimama kama uzio.

"Umeona?" akasema.

Niliona. Na nilichokiona kikanipotezea saa tatu. Nikamwambia Mama kwa heshima kwamba kasi iko sawa, labda santuri zenyewe zilirekodiwa chini. Nikafungua amplifaya, nikasafisha swichi ambazo hazikuwa chafu. Nikabadilisha nyaya za kushoto na kulia. Nikasikia transfoma ya ndani ya amplifaya ikinguruma polepole, nikaandika hilo daftarini kama jambo la kando. Halikuwa la kando.

Kilichoniokoa ni simu ya mjukuu wao. Kijana alikuwa na wimbo uleule kwenye simu, nakala ya mtandaoni, dakika 3 na sekunde 50. Wa kwenye santuri nikaushika kwa saa: dakika 4 na sekunde 36. Sasa, sikuamini moja kwa moja, kwa sababu nakala nyingine za mtandaoni zilinakiliwa na watu ambao gramafoni zao pia hazijui kwao, na gitaa la zamani halikuwa lazima lifungwe kwa noti ya kiwango, kwa hiyo hata simu ya kupima noti isingenipa jibu la kuapia. Nilitaka kitu ambacho hakimtegemei mtu wala stima. Nikachana kipande cha karatasi, nikakibandika ukingoni mwa sahani, nikaweka kidole karibu ili kinigonge kila mzunguko, nikamwambia kijana ashike dakika mbili. Nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Sahani ya kasi ya 45 inapaswa kunigonga mara 90. Ilinigonga mara 75.

Sabini na tano kwa tisini ni tano kwa sita. Hamsini kwa sitini. Ilipotoka hesabu hiyo nilikaa chini kwenye zulia.

Mota ya gramafoni hii ni ya namna inayofuata mapigo ya stima. Haijali sana volti, inahesabu mawimbi. Marekani stima inapiga mara 60 kwa sekunde, na kwa mapigo hayo mota hii inazunguka mara 300 kwa dakika. Kwetu inapiga mara 50. Hapo mota inazunguka mara 250, na hakuna kitu duniani kitakachoifanya izunguke zaidi. Transfoma inashusha volti kutoka 240 hadi 120, lakini mapigo inayapitisha kama yalivyo. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ndiyo maana nilipoipima niliipita. Nilipima volti. Hakuna aliyeniambia nipime mapigo, na sikujiambia.

Kasi ya 45 ikawa 37 na nusu. Noti ya hezi 440, yaani mapigo 440 kwa sekunde, ikatoka kwenye spika kama 367 hivi, yaani nusu-toni tatu na kitu chini. Ndiyo ngazi nzima na zaidi aliyoisikia Mama akiwa ameshika birika.

Na kisahani? Hapa ndipo kisa hiki kilipo. Kisahani cha Mwalimu kilichapishwa kwa ajili ya Marekani, duara moja tu kwa kila kasi. Duara la 45 lina mistari 160. Kule taa inapepesa mara 120 kwa sekunde, kwa kuwa inawaka mara mbili kwa kila pigo la stima, na sahani inayozunguka sawasawa inapitisha mistari 120 kwa sekunde: kila taa inapowaka, mstari umechukua nafasi ya mwenzake, jicho linaona utulivu. Huku taa inapepesa mara 100. Sahani inayozunguka mara 37 na nusu inapitisha mistari 100. Utulivu uleule. Taa ilichelewa kwa kipimo kilekile ambacho mota ilichelewa, kwa sababu zote mbili zilikunywa kisima kimoja. Mwalimu angeweza kukitazama kisahani kile miaka kumi na kila siku kingemwambia yuko sawa.

Nilipomweleza alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyefundisha fizikia. Sikuwa nimeuliza alifundisha nini.

Puli

Njia zilikuwa tatu. Kuagiza gramafoni au puli ya kiwanda ya nchi za hezi 50, jambo la miezi na ushuru; puli ni kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, chenye ngazi moja kwa kila kasi. Kununua kifaa cha kutengeneza stima ya hezi 60 kutoka kwenye betri, ambacho kinaleta kelele zake na bei yake. Au kukereza puli kubwa zaidi, ili mota inayozunguka polepole ivute mkanda mrefu zaidi kila mzunguko. Mwalimu akachagua ya tatu, akisema stima ya Kenya haitabadilika kwa ajili yake, basi abadilike yeye.

Wajapani wangecheka. Kule kwao mashariki, Tokyo, stima ni hezi 50, na magharibi, Osaka, ni 60, mchezo uliobaki tangu mwisho wa karne ya 19 upande mmoja uliponunua mitambo ya Ujerumani na mwingine ya Marekani. Ndiyo maana gramafoni nyingi za mitumba kutoka Japani zina swichi au puli mbili, au mota isiyojali mapigo. Na ma-DJ wetu hawaujui ugonjwa huu kabisa: Technics SL-1200 MK2, ya mwaka 1979, inashika kasi kwa kwatzi, unaweza kuichomeka popote penye volti zake. Ni gramafoni za watu wenye kupenda mkanda, tena za bei, ndizo zinazoshikwa.

Nikapima puli ya zamani kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: ngazi ya 45 ilikuwa milimita 20.5. Mara 60 gawa kwa 50, milimita 24.6. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye kerezo, mashine ambayo mtaani tunaiita leithi, karibu na Kibuye, na kipande cha aluminiamu mkononi. Yeye huwa anakereza vipuri vya pampu na vya mashine za kusaga mahindi. Akaangalia mchoro wangu, akauliza, "Hii ni ya posho mill ya panya?"

Ya kwanza tuliiharibu sote wawili. Kosa lake: alikereza nje kwanza, akakifungua chuma, akakigeuza, ndipo akatoboa tundu. Tundu likahama katikati kwa unywele. Kwenye pampu huwezi kujua. Kwenye gramafoni, puli isiyo na kitovu sawasawa inavuta mkanda haraka, polepole, haraka, polepole, mara nne na ushei kwa sekunde, na mwimbaji anatetemeka kama amekunywa. Tundu na nje lazima vichongwe chuma kikiwa kimeshikwa mara moja tu kwenye meno ya kerezo, bila kukifungua.

Kosa langu lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa la hesabu. Nilihesabu sahani: mara 88 na kitu kwa dakika mbili. Nilikuwa nimesahau unene wa mkanda. Mkanda huu ni wa duara, milimita 2, na mwendo wake haupimwi pale unapogusa puli bali katikati ya mwili wake. Kwa hiyo puli ya milimita 20.5 kwa kweli ni 22.5. Mara sita gawa kwa tano, 27. Toa mkanda, 25.0. Nilikuwa nimepungukiwa na milimita 0.4, na hizo zilimshusha mwimbaji robo ya nusu-toni. Mwalimu hakusikia. Mimi sikusikia. Mama akasema, "Karibu, lakini bado kuna mmoja anaburuta mguu."

Ya pili ilitoka sawa: 25.0 kwa kasi ya 45, na ngazi ya santuri kubwa 18.0. Tukaifunga kwa skrubu ndogo ya ubavuni. Mota nayo nikaihamishia kwenye transfoma yenye tundu la volti 100, zile zinazouzwa kwa wenye vyombo vya Japani. Mota iliyofumwa kwa volti 120 na hezi 60, ukiipa hezi 50, volti nazo zishuke kwa uwiano uleule. Ukiiachia zote, chuma chake kinashiba sumaku, kinapata joto na kutetemeka, na mtetemo huo sindano inausikia na kuupeleka kwenye spika kama ngurumo ya chini.

Ndiyo siri ya mngurumo wa amplifaya niliouandika kando. Transfoma yake ya ndani nayo ni ya hezi 60 na inaonewa vilevile. Ningeweza kuishushia volti pia, lakini ingepoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Mwalimu alisema aiachie ingurume, yeye ana ng'ombe pia wanangurumia chini ya dirisha. Tumeitenga tu kwenye meza yake, mbali na gramafoni. Hilo sijalitibu, na sitadai nimelitibu.

Tukaweka santuri ileile. Dakika 3 na sekunde 50, pungufu kidogo. Mtambo ule, ambao kwa miaka miwili ulikuwa ukisema uongo kwa sauti tamu, sasa ukaanza kusema ukweli mpaka ule usioombwa. Santuri hizi za 45 ni za mono, nyingi zimerekodiwa bendi nzima ikiwa chumba kimoja, na wimbo mrefu umekatwa katikati ili ugeuze upande wa pili. Ukigeuza, unakuta gitaa limeshapamba moto kana kwamba hawakukungoja. Ulisikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Ulisikia mtu akikohoa. Kwenye santuri moja ulisikia sauti ikiyumba taratibu, na Mwalimu akanitazama kwa jicho la kulaumu puli. Nikahesabu: myumbo mmoja kwa kila mzunguko wa sahani, mara tatu kwa sekunde nne. Puli ingetetemesha mara nne kwa sekunde moja. Huo ulikuwa wa santuri yenyewe, tundu lake la katikati halikukaa katikati tangu kiwandani. Ameiweka kando na wala hajaitupa.

Sikutarajia kwamba Mwalimu angelalamika. Wiki ya kwanza alinipigia kusema nyimbo zinakimbia. Miaka miwili ya kusikiliza polepole ilikuwa imemzoesha, na benga lililopona lilimwonea haraka. Mama hakusema kitu. Alikuwa, nilivyoambiwa, anacheza jikoni.

Nilimchapishia kisahani kipya cha hezi 50, na hapo nikajitafutia shida nyingine. Kwa kasi ya 45 kwenye stima yetu hesabu inataka mistari 133 na theluthi, na theluthi ya mstari haichapishiki, kwa hiyo vinachapishwa na 133. Maana yake sahani ikizunguka sawa kabisa, mistari inarudi nyuma polepole, mmoja kwa kila sekunde nne hivi. Nilisahau kumwambia.

Akanipigia saa nne usiku. "Fundi, mistari inarudi nyuma."

Nikamweleza habari ya theluthi. Akanyamaza. Nikajua haniamini, na baada ya yote yale ningemlaumu kwa nini. Nikamwambia, "Jaduong', weka karatasi ukingoni, hesabu dakika mbili."

Hakukata simu. Niliisikia ikiwekwa mezani, kisha gitaa likaanza kwa mbali, kisha sauti ya Mama, si ya Mwalimu, ikihesabu juu ya muziki bila haraka, moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimelala. Nikakaa kitandani na simu sikioni mpaka akafika themanini na tisa.